Joto Linapotoka: Sayansi ya Jioni ya Kilwa

Mtu aliyekaa barazani Kilwa Kivinje bila kufanya lolote, hata kikombe cha kahawa hajakiinua, anatoa joto la wati 100 hivi. Ni sawa na balbu ya kizamani ya wati 100, ile yenye waya mwembamba ndani, iliyokuwa ikibabua vidole vya mtoto aliyeishika. Wakikaa sita, ni balbu sita zinawaka. Nishati yao ni wali, muhogo na samaki wa mchana. Moyo unasukuma damu, ini halipumziki, ubongo unawaza hata pale mwenyewe anapodhani hawazi kitu, na kila kazi hiyo mwishowe hugeuka joto. Hakuna swichi ya kulizima.

Tufanye hesabu kidogo. Kupandisha kilo moja ya mwili wa binadamu kwa nyuzi 1 huhitaji kilojuli 3.5 hivi. Mtu wa kilo 60 basi anahitaji kilojuli 210 ili mwili wake wote upande kwa nyuzi 1. Wati 100 kwa saa nzima ni kilojuli 360. Kwa hiyo kama joto lake lisingepata pa kutokea, mwili wake ungepanda kwa nyuzi 1.7 kila saa: kutoka 37 ya kawaida, baada ya saa mbili angekuwa amevuka 40, homa kali kwa kosa la kukaa tu. Na kwa kuwa hatujaona mtu akishikwa na homa kwa sababu ya kukaa barazani, tunajua kwamba joto lote hilo linatoka, dakika kwa dakika, kwa kiasi kilekile linachozalishwa.

Linatokaje? Nadhani ukilifuatilia swali hili hadi mwisho utakuta kwamba sehemu kubwa ya raha za nyumba ya pwani, zile ambazo hakuna anayezihesabu kuwa ni mali, ni njia za kulitoa. Maji ya mtungi, kuoga kabla ya magharibi, sakafu ya saruji, baraza yenyewe: zote zinafanya kazi moja.

Kanuni ya kwanza ni nyepesi kusema na nzito kuikwepa. Joto lenyewe huenda upande mmoja tu, kutoka penye moto zaidi kwenda penye moto kidogo, na kadiri tofauti inavyokuwa kubwa ndivyo linavyokwenda kwa wingi. Ngozi ya mtu asiyefanya kazi ina nyuzi 34 hivi. Mtu wa London aliyekaa ndani ya chumba chenye nyuzi 20 ana tofauti ya nyuzi 14 kati ya ngozi yake na hewa. Joto linamtoka bila yeye kujua, na shida yake ni kulizuia lisitoke mno, ndiyo maana anavaa sweta. Mtu wa Kilwa Masoko mwezi wa Januari, saa nane mchana, kivulini, amezungukwa na hewa ya nyuzi 31 au 32. Tofauti yake ni nyuzi 2 au 3. Kwa njia za kawaida, yaani kwa kugusana na vitu, kwa kubebwa na hewa na kwa mionzi isiyoonekana inayotoka katika kila chenye joto, joto linalomtoka halifiki hata nusu ya lile linalotakiwa kutoka.

Inabaki njia ya nne, na pwani yote ya Lindi inaishi kwa njia hiyo. Ni maji kugeuka mvuke.

Maji ni chembe zisizotulia. Molekuli zake zinakimbia na kugongana, nyingine haraka, nyingine polepole, na kile tunachokiita halijoto ni kipimo cha mwendo wao wa wastani. Zilizo juu kabisa, zikipata mwendo wa kutosha, huponyoka kwenye uso wa maji na kwenda zake hewani. Lakini angalia ni zipi zinazoondoka: zile zenye kasi. Ukiwaondoa wakimbiaji hodari katika kundi, wastani wa kundi unashuka. Maji yanayobaki yamepoa, ingawa hakuna aliyeyatia barafu.

Na kiasi kinachochukuliwa si kidogo. Kuchemsha lita moja ya maji kutoka nyuzi 30 hadi 100 kunahitaji kilojuli 290 hivi. Kuikausha lita hiyohiyo iwe mvuke, kwa joto la kawaida la nyumbani, kunahitaji zaidi ya kilojuli 2,400, mara nane na ziada. Sasa rudi kwa mtu wetu wa barazani mwenye kilojuli 360 za kutoa kila saa. Gramu 150 za jasho, ambazo hazijai kikombe cha chai, zikikauka juu ya ngozi yake, zimemaliza kazi yote.

Zikikauka. Neno lote liko hapo. Jasho linalodondoka toka kwenye kidevu halijapoza kitu. Limeondoka likiwa maji bado, halikuchukua zile kilojuli. Kinachopoza ni jasho lisiloonekana, lile linalotoweka kabla hujalifuta. Ndiyo sababu mtu wa pwani anayelowa chapachapa mwezi wa Februari anaweza kuwa na joto zaidi kuliko mchimbaji wa Singida ambaye shati lake ni kavu. Hewa ya pwani tayari imebeba mvuke wa bahari. Unyevunyevu wake mara nyingi ni asilimia 70 hadi 80 ya mvuke wote ambao hewa ya joto hilo ingeweza kuubeba. Molekuli zinaondoka kwenye ngozi, lakini nyingine nyingi zinarudi kutoka hewani, na kila inayorudi inarudisha joto lake.

Hapo ndipo mtungi unapotufaa kuliko kitabu, maana unaonyesha jambo hilihili bila kuuliza mwili wa mtu.

Udongo wa mfinyanzi uliochomwa una vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Maji yanapenya polepole hadi nje na kuufanya uso wa mtungi uwe na unyevu daima, na uso huo unakauka mfululizo. Kila kinachokauka kinachukua joto kutoka kwa udongo, nao udongo unachukua kutoka kwa maji yaliyomo. Mtungi wa lita 20 unahitaji kupoteza kilojuli 84 ili maji yake yashuke kwa nyuzi 1. Ikikauka sehemu moja tu ya mia ya maji hayo, yaani moja ya tano ya lita, zimekwenda kilojuli 480 na zaidi: zinatosha, kama hakuna joto jipya linaloingia, kuyashusha maji yote kwa nyuzi 5 na nusu. Kwa kweli joto jipya linaingia muda wote kutoka kwenye hewa ya chumba, na mahali fulani kuingia na kutoka kunalingana. Mtungi unaishia hapo.

Kikomo hicho unaweza kukipima nyumbani. Chukua kipimajoto cha kawaida cha kupimia hewa, soma namba yake kivulini. Kisha funga kitambaa cha pamba kilicholowa maji kwenye ncha yake, kipepee kwa kipepeo cha ukindu dakika chache, usome tena. Namba ya pili itakuwa chini. Haitashuka zaidi ya pale, upepee utakavyo, wala hakuna mtungi utakaoshuka zaidi yake. Katika hewa ya nyuzi 30 yenye unyevunyevu wa asilimia 75, ambayo ni hewa ya kawaida ya Kilwa, kitambaa kitasoma 26 hivi. Katika hewa ya nyuzi 30 zilezile lakini yenye unyevunyevu wa asilimia 40, kama ya Dodoma wakati wa kiangazi, kitasoma 20 au 21. Kwa maneno mengine, mtungi wa Mgogo wa huko Dodoma unapoza kuliko wa kwetu kwa zaidi ya mara mbili, na ubora wa mfinyanzi hauhusiki.

Mbona basi watu wa pwani wanausifu mtungi hivyo? Kwa sababu kinywa hakisomi namba, kinasoma tofauti. Kinywa kina nyuzi 37. Maji ya ndoo ya plastiki iliyokaa chumbani yana 30, ya dumu lililoachwa uani juani yanaweza kupita 35, ya mtungi uliowekwa vizuri yana 26 au 27. Ulimi unatambua tofauti ndogo kuliko hiyo. Kisha maji ya jokofu, yenye nyuzi 4 au 5, yanashtua meno na koo kiasi kwamba mtu mwenye kiu kweli anameza funda mbili na kusimama. Ya mtungi anayanywa kata nzima bila kupumua. Mimi naona hilo ni jambo la maana katika nchi ambako watu wengi huacha kunywa kabla mwili haujatosheka.

Mtungi una masharti yake. Ukiupaka rangi ya mafuta ili upendeze sebuleni umeuziba pumzi. Umebaki ndoo ya udongo. Maji ya visima vya pwani yana chumvi na chokaa, na kwa kuwa kinachokauka ni maji peke yake, chumvi hubaki juu ya ngozi ya mtungi kama unga mweupe na kuziba vile vitundu. Unasuguliwa kwa nyuzi za nazi, unakaushwa, unarudi kazini. Mahali pake ni penye kivuli na upepo, siyo kona ya ndani kabisa isiyofikiwa na hewa. Na ufunikwe, maji yachotwe kwa kata yenye mpini mrefu, mkono usiingie. Mtungi unapoza maji lakini hauui vijidudu, kwa hiyo kinachoingia kiwe kimechemshwa au kutiwa dawa.

Nimetaja upepo, na hapa ndipo tunapotoka ndani ya nyumba. Upepo hauna baridi yoyote ndani yake. Hewa ya nyuzi 31 ikienda kasi bado ni ya nyuzi 31. Kazi yake ni kuondoa ule utando mwembamba wa hewa uliogandamana na ngozi, ambao tayari umejaa mvuke wa jasho lako, na kuleta hewa nyingine ambayo ina nafasi. Ndiyo maana feni inayozunguka katika chumba kisicho na mtu haikipozi chumba hicho; mota yake inakiongezea joto kidogo. Feni humpoza mtu, na mtu mwenye jasho.

Feni kubwa ya Kilwa ni bahari. Jua linapopiga nchi kavu na bahari kwa usawa, nchi inapanda haraka zaidi. Maji yanahitaji joto mara tano hivi ya lile la mchanga mkavu wa uzito uleule ili yapande kwa nyuzi 1, na pia mwanga unazama ndani yake mita nyingi na mawimbi yanayachanganya, wakati kwenye mchanga joto lote linabaki juu, linakoweza kuunguza nyayo. Ikifika saa nne au tano asubuhi, hewa iliyo juu ya nchi imepata moto, imetanuka, inapaa. Hewa ya baharini inaingia kuchukua nafasi yake. Upepo huo unaongezeka hadi alasiri. Usiku mambo hugeuka: nchi inapoa upesi, bahari inabaki na joto lake, na kuelekea alfajiri unatoka umande, upepo mwembamba wa bara kwenda baharini, ambao wavuvi wa ngalawa wamekuwa wakiondoka nao na kurudi na ule wa mchana.

Kati ya pepo hizi mbili kuna pengo. Nchi inapopoa na bahari ikawa bado haijaizidi kwa joto, hakuna anayemvuta mwenzake. Pengo hilo linaangukia magharibi na saa moja au mbili zinazofuata. Miezi ya kusi, kuanzia Aprili hadi Septemba, halisumbui sana, kwa sababu pepo za msimu zenyewe zina nguvu ya kupita juu ya mchezo huu mdogo wa pwani. Miezi ya joto la kaskazi, na zaidi upepo huo unapolegea, majani ya minazi yanasimama kimya, na nguo zilizosahauliwa kambani hazitikisiki.

Na bahati mbaya ni kwamba saa hiyohiyo ndiyo ukuta unapoanza kulipa deni.

Joto halipiti ndani ya ukuta mara moja. Linapenya kidogo kidogo, likipasha safu moja kwanza kabla ya kuingia ya pili. Kwa ukuta wa tofali la saruji la inchi 6, wimbi la joto la mchana linachukua kama saa 4 au 5 kutoka uso wa nje hadi wa ndani. Upande unaotazama magharibi, ambao hupata jua kali kuanzia saa nane hadi saa kumi, uso wake wa ndani unafikia kilele baada ya magharibi. Weka kiganja ukutani saa mbili usiku utalisikia jua la alasiri. Ukuta huo sasa unamiminia chumba mionzi, na mtu aliyelala karibu yake anapokea joto badala ya kulitoa, hata kama kipimajoto cha hewa kinasema hali si mbaya.

Ukuta mnene wa mawe ya matumbawe na chokaa, kama tunaouona katika magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, una tabia tofauti. Ukiwa na unene wa karibu nusu mita, wimbi linachukua zaidi ya nusu siku kupenya, na linapofika limedhoofika mno kiasi cha kutosikika. Chumba chake kina karibu joto la wastani wa siku nzima, mchana na usiku. Mchana ni neema. Usiku, nje panapokuwa pamepoa, ndani bado ni vilevile. Nyumba ya fito na udongo yenye paa la makuti ni kinyume chake: haina uzito wa kuhifadhi joto jingi, kwa hiyo jua likishatua nayo inapoa upesi. Msafiri Ibn Battuta aliyefika Kilwa mwaka 1331 aliandika juu ya nyumba za miti na mapaa ya majani, na juu ya mvua nyingi. Kwa hewa isiyobadilika sana kati ya mchana na usiku kama ya pwani hii, nyumba nyepesi inayopitisha upepo haikuwa dalili ya unyonge. Ilikuwa na akili yake.

Paa ni habari nyingine. Bati chini ya jua la mchana linaweza kupita nyuzi 60, na kitu chenye joto hilo juu ya kichwa chako kinakumiminia mionzi hata kama hewa iliyo kati yenu haijapata moto sana. Makuti yameshika hewa iliyotulia kati ya majani yake, na hewa iliyotulia ni mpitishaji mbaya wa joto, hivyo upande wa chini wa makuti haupishani sana na hewa ya chumbani. Lakini tusiyapambe: makuti yanaoza baada ya miaka michache, yanashika moto, na hayakusanyi maji ya mvua kwa usafi. Sishangai watu wakipigania bati. Ila bati lisilo na dari chini yake ni nusu ya kazi. Dari, hata ya silingibodi nyepesi, yenye matundu ya kutolea hewa moto pembeni, huzuia ile mionzi isimfikie mtu. Na chokaa nyeupe juu ya ukuta wa magharibi hurudisha nje sehemu kubwa ya mwanga wa jua kabla haujawa joto; kwa bei, sijui kitu kingine kinachoipiku.

Sasa baraza inaeleweka. Saa ya magharibi bati limekwisha poa, kwa sababu ni jembamba na linaitazama mbingu, lakini ukuta ndiyo kwanza unaanza kutoa, na upepo umekata. Mtu anayetoka nje anaacha nyuma kuta nne zinazommulika kwa joto na kuupata upande mmoja, au zaidi, wa uwazi. Mbingu ya usiku ina baridi kuliko ukuta wowote, na ngozi yake inaipelekea mbingu mionzi bila kupokea mingi kama hiyo. Akikaa juu ya kiti cha mawe kilichokuwa kivulini tangu mchana, joto linamtoka pia kwa kugusana. Ndiyo maana mkeka juu ya sakafu ya saruji na sakafu yenyewe, vyote vikiwa na joto moja kabisa, mguu unaviona tofauti: saruji inalipokea joto la mguu na kulipeleka mbele haraka, mkeka unalishikilia palepale. Mtoto anayehama kutoka mkekani na kulala kifudifudi sakafuni, shati likiwa limepanda mgongoni, amefanya fizikia sahihi.

Maji nayo ni makali. Yanapitisha joto mara 25 hivi kuliko hewa, na ndiyo sababu hewa ya nyuzi 26 ni tamu lakini maji ya nyuzi 26 yakimwagwa mgongoni yanamfanya mtu ashtuke. Mwanzoni mwa karne ya 14 Sultani al-Hasan bin Sulaiman alijenga jumba la Husuni Kubwa juu ya jabali linalotazama bahari kaskazini mwa kisiwa cha Kilwa, na ndani yake akaweka bwawa la kuogea lenye pande nane. Bwawa bado linaonekana hadi leo, na magofu hayo yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 1981. Ukisimama pale unaona hesabu yote kwa pamoja: kuta nene, upepo wa baharini usiozuiliwa, na maji ya wazi yanayokauka na kujipoza yenyewe kama mtungi mkubwa. Aliyeoga kwa ndoo na kata uani kwake Kivinje, kisha akatoka na kanga yenye unyevu kidogo na kukaa penye hewa, anapata karibu yote aliyoyapata Sultani. Tofauti iliyobaki ni ya heshima, na fizikia haiipimi.

Lakini kwa nini iwe raha? Joto kutoka ni jambo moja. Kulifurahia ni jingine. Mwaka 1971 mtaalamu wa utendaji wa mwili kutoka Ufaransa, Michel Cabanac, alichapisha katika jarida la Science hoja iliyobadilisha namna ya kulitazama swali hili. Watu walitumbukiza mkono katika maji ya joto mbalimbali na kusema kama ni ya kupendeza au ya kuchukiza. Waliokuwa na miili iliyopashwa joto waliyasifu maji ya baridi. Miili ileile ilipopozwa, maji yaleyale ya baridi yaliwachukiza na ya moto yakawa matamu. Maji hayana raha ndani yake. Raha ni taarifa ya mwili kwamba kinachotokea sasa kinaurudisha kwenye mizani yake, na taarifa hiyo inanyamaza mara mizani ikisharudi. Mtu anayekaa siku nzima katika chumba cha kiyoyozi hapati shida ya joto, lakini pia hana hamu ya ule mmwagiko wa kwanza wa maji, kwa sababu hana anachorudishwa kutoka kwacho.

Hapo anainuka mtu na kuuliza habari ya kahawa. Kama lengo ni kutoa joto, mbona jioni ya Kilwa ina kahawa ya moto, chungu, na kashata pembeni? Hesabu inamjibu nusu. Kikombe kidogo cha kahawa kina mililita 50 hivi. Ikinywewa ikiwa na nyuzi 60, inamletea mnywaji kilojuli 5 pungufu kidogo, na tumeona kuwa mwili wake unahitaji 210 ili kupanda kwa nyuzi 1. Hata akinywa vikombe vinne hajapanda kwa nyuzi moja ya kumi. Nusu ya pili ni jasho. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Ottawa, Kanada, walionyesha mwaka 2012 kwamba waendesha baiskeli waliokunywa maji ya moto walibaki na joto dogo zaidi mwilini kuliko waliokunywa ya baridi, kwa kuwa kinywaji cha moto kiliamsha jasho lililozidi joto lililoongezwa. Sharti lilikuwa jasho lote likauke. Palipo na unyevunyevu mwingi na upepo umekata, faida hiyo haipo. Kahawa ya saa mbili usiku, pengo likiwa bado, haimpozi mtu hata kidogo. Wanaoinywa wanainywa kwa sababu ya wenzao. Ikiwa na tangawizi kuna kiini macho kingine: viungo vikali huamsha vipokezi vya mwili vinavyotambua moto, ambavyo ugunduzi wake ulichangia kumpatia David Julius Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021, aliyogawana na Ardem Patapoutian. Kinywa kinapiga kelele ya moto ambao haupo.

Ikifika saa nne au tano usiku mwili wenyewe unabadilisha mpango. Ili usingizi uje, joto la ndani linahitaji kushuka, na kwa usiku mzima litashuka kwa karibu nyuzi 1. Mishipa ya damu ya mikono na miguu inatanuka, damu ya ndani inasogea juu ya ngozi kutua mzigo wake. Kwa sababu hiyo, kuoga maji ya moto saa moja au mbili kabla ya kulala huharakisha usingizi: yanaivuta damu juu ya ngozi, na mtu akishatoka bafuni joto linamkimbia. Kitanda cha kamba kinasaidia kwa kuruhusu hewa kupita chini ya mgongo. Godoro nene la sponji halipitishi, na ubavu ulioligusa unabaki bila njia yoyote kati ya zile nne. Mwenye godoro kama hilo atapata nafuu akitandika mkeka wa miyaa juu yake, chini ya shuka.

Madirisha ya upande wa jua yafungwe au yawekewe pazia mchana, yafunguliwe yote usiku, maana umande utakuja wenyewe. Chandarua kinapunguza upepo, hilo ni kweli, na ndiyo sababu inayotajwa sana na wanaokiacha miezi ya joto. Lakini mbu wa malaria hupendelea kuuma usiku wa manane kuelekea alfajiri, saa zilezile ambazo umande unamlaza mtu fofofo. Bora kukitafuta chandarua kikubwa zaidi, cha mraba, kinachokaa mbali na mwili, feni isogezwe karibu na kitanda, na kingo za chandarua zichomekwe chini ya godoro.